Mate ya Felismina

Bibi yangu Felismina ameosha matumbo ya ng'ombe
miaka arobaini na mitatu, nyuma ya soko, mjini Porto:
chumvi, ndimu, maji baridi, brashi ngumu.
Na watu wa mji huu, walao matumbo na maharagwe,
hawajawahi kuuliza ni vidole vya nani.

Vidole vimepinda sasa. Magoti nayo yanalia.
Basi akawa anameza vidonge vya maumivu,
viwili alfajiri, viwili mchana, kimoja "cha njiani",
juu ya kahawa nyeusi na hakuna kingine,
mpaka usiku wa Mtakatifu Yohane,
watu wakigongana vichwa kwa nyundo za plastiki,
akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa.
Akasema ni kahawa.

Daktari Brandão akamshusha kamera kooni.
Nikaliona tumbo la bibi kwenye kioo:
wekundu mpole, mikunjo, linang'aa kama sakafu iliyodekiwa,
na katikati shimo jeupe, kingo zimevimba,
jicho lisilopepesa.
Alipoamka akaitazama picha, akafuta miwani.
"Hili ningelitenga," akasema. "Hili haliuzwi."

Mimi kazi yangu iko ng'ambo ya mto Douro, maabara.
Nafuga seli za tumbo katika visahani,
zimebanana bega kwa bega.
Kila Jumanne nazichana kwa ncha ya plastiki,
mkwaruzo mmoja ulionyooka,
kisha nahesabu saa.
Kisahani cha kwanza hakipati kitu.
Cha pili nakipa tone la kichocheo cha ukuaji,
protini ndogo, tone lisilojaza jicho la sisimizi.

Saa ya sita, seli za ukingoni zinajinyoosha.
Zinaachia mikono ya jirani, zinajilaza bapa, zinatambaa.
Hazijazaana bado. Kuzaana ni kazi ya kesho;
aliyeezuliwa paa usiku hutandaza kwanza turubai.
Saa ya kumi na nane, cha pili hakina ufa.
Cha kwanza bado kinapiga miayo.

Nikamwambia: bibi, kichocheo hiki kimo kwenye mate.
Ukimeza mate umemeza fundi.
Anashuka na tonge, anapita kwenye asidi,
lakini mlango wa seli uko nyuma, upande wa uani,
na ukuta ukiwa mzima fundi hupita zake, hana pa kubisha.
Ukuta ukibomoka tu
ndipo anapouona mlango.

Felismina akacheka hadi akashika mbavu.
Nilipokuwa na miaka mitano nikaanguka ngazini
alilamba kidole gumba akanipaka gotini,
na mama akapiga kelele kuhusu vijidudu.
"Mpigie mama yako simu. Mwambie nilikuwa sahihi."
Nikasema, mate yana vijidudu pia, bibi, usipake watu.
"Mpigie tu."

Sikumwambia yote.
Kwamba sauti ile ile iitayo seli, *inukeni, zibeni*,
isiponyamaza kwa wakati, saratani huisikiliza.
Kwamba vile vidonge vyake vilikuwa vikikausha ute,
vikiwafukuza walinzi kabla fundi hajafika.
Daktari alivichukua vyote, hata cha njiani,
akampa dawa ya kutuliza asidi, wiki nane.
Magoti yakalia kwa sauti zaidi.

Mwezi Septemba shimo likawa kovu,
nyota ndogo, mikunjo yote ikielekea kwake.

Juzi nilimkuta kazini, glavu hadi viwikoni.
Ameinua tumbo la ng'ombe kwenye taa,
anapapasa mahali pamoja kwa kidole gumba.
"Tazama. Huyu aliumwa akapona.
Hakuna aliyejua."
Akalisuuza mara ya mwisho,
akalitia kwenye kapu la kuuza.